Shofaji ikipuliza baridi: gari linatuambia nini juu ya maji ya moteri?



Leo tunatoka shambani kidogo na kuingia ndani ya kabini ya kamio. Pengine mtu atauliza: maagronomu wanatafuta nini kwenye moteri? Jibu ni fupi. Muhogo mbichi ukishang'olewa, unaanza kuharibika ndani ya siku mbili au tatu. Matunda ya mchikichi yakikatwa na kukaa, mafuta yake yanakuwa makali na bei inashuka. Mbegu za maharagwe zikichelewa, mvua haizingojei. Gari la ushirika likisimama njiani kati ya Lulimba na Fizi, hasara si ya shofere peke yake. Ni ya kila mwanamemba ambaye mfuko wake uko juu ya kamio. Na tena, njia zetu mnazijua: si kila fasi mtu anaweza kulala na mzigo wake kwa amani.

Swali ambalo linatufikia mara nyingi ni hili: "Tunafungua shofaji, inapuliza hewa vizuri, lakini hewa ni ya baridi tu. Ni kitu cha kutengeneza, ao tuache?"

Tusiache. Somo hili linaonyesha juu ya nini.

Nani anahitaji shofaji huku kwetu?

Mtu wa Baraka anaweza kucheka. Huku kando ya Ziwa Tanganyika, karibu mita 770 juu ya usawa wa bahari, joto linatutosha. Magari yetu mengi ni ya okazio, yalitengenezwa kwa kufaa pia nchi zenye theluji kama Japani, na shofaji ilikuja pamoja na gari bila sisi kuiomba. Lakini kuna sababu tatu za kuiangalia.

Ya kwanza ni milima. Yule anayepanda kwenda Minembwe anafika zaidi ya mita 2,000. Asubuhi za mwezi wa sita na wa saba, baridi ya kule inauma kweli, na ndani ya kabini mara nyingine kuna mama mjamzito ao mgonjwa anayepelekwa hospitali.

Ya pili ni kioo. Mvua ikinyesha na watu wanne wakipumua ndani ya kabini, kioo cha mbele kinajaa ukungu. Shofere anapangusa kwa kitambaa kwa mkono mmoja, na usukani kwa mkono mwingine, kwenye kona ya mlima. Hewa ya moto kutoka kwa shofaji ndiyo inakausha kioo. Bila hiyo, shofere anaendesha kama kipofu.

Ya tatu ndiyo kubwa, na inahusu hata gari ambalo halitoki Baraka kamwe. Shofaji inapata moto wake kutoka kwa maji ya moteri. Kama inapuliza baridi, huenda maji yamepungua. Na moteri iliyopungukiwa maji inaweza kuungua siku ileile. Basi shofaji ni kama mlinzi wa usiku: anapopiga kelele, tusimkasirikie, tutoke kwanza kuangalia.

Shofaji inafanya kazi namna gani?

Moteri ikiwaka inatoa moto mwingi. Maji yanazunguka ndani yake, yanabeba ule moto na kuupeleka kwa radiateri, pale mbele, ambapo upepo unaupooza. Pompi ya maji ndiyo inasukuma, na mara nyingi inazungushwa na mkanda, ndio kurua.

Kati ya moteri na radiateri kuna mlango mdogo unaoitwa termosta. Moteri ikiwa baridi, mlango umefungwa, maji yanazunguka ndani ya moteri tu ili ipate moto haraka. Maji yakifikia joto fulani, mara nyingi karibu digrii 80 na kidogo, mlango unafunguka wenyewe na maji yanaenda kwa radiateri. Namba ya joto hilo mara nyingi imechongwa juu ya termosta yenyewe.

Sasa shofaji. Nyuma ya tablo, mbele ya miguu ya abiria, kuna radiateri ndogo ya pili. Tiyo mbili za mpira zinatoka kwa moteri, zinapenya ukuta wa kabini na kufika pale. Moja inaleta maji ya moto, nyingine inayarudisha. Feni inapuliza hewa juu ya radiateri hiyo ndogo na hewa inatoka ya moto. Katika magari mengi ya zamani kuna pia rubineti ndogo kwenye tiyo moja, inayovutwa na waya kutoka kwa kitufe cha tablo. Ndani ya sanduku la shofaji kuna kibao kinachofunga ao kufungua njia ya hewa.

Kwa hiyo, ili hewa iwe ya moto, mambo manne yanatakiwa: moteri iwe ya moto, maji yawepo, maji yafike kwa radiateri ndogo, na hewa ipite juu yake. Kutafuta ugonjwa ni kuuliza haya manne moja kwa moja, kwa mpangilio. Mekanisie anayeanza kwa kufungua tablo nzima kabla ya kuangalia maji ni kama mkulima anayenunua dawa kabla ya kugeuza jani kuona kuna mdudu gani.

Kabla ya yote: usifungue mfuniko moteri ikiwa ya moto

Tunalisema mara moja, lakini lisomeni mara mbili. Ndani ya radiateri maji yamebanwa. Mfuniko mzuri unayabana hadi yanaweza kupita digrii 110 bila kuchemka. Ukiufungua wakati huo, ule mbano unatoka, maji yanachemka palepale na kukurukia usoni na kifuani. Kuna watu waliopoteza macho kwa namna hiyo. Zimeni moteri, ngojeni hata saa nzima, shikeni tiyo kubwa ya juu ya radiateri: kama bado ni ngumu na ya moto, ngojeni tena. Kitambaa mkononi si ulinzi wa kutosha.

Hatua ya kwanza: maji yapo?

Asubuhi, moteri ikiwa baridi na gari likiwa mahali tambarare, fungueni mfuniko wa radiateri. Maji yanatakiwa kufika juu kabisa, karibu na mdomo. Msidanganywe na chupa ya plastiki ya pembeni. Chupa inaweza kuwa imejaa na radiateri iwe tupu, hasa kama mfuniko umechoka ao kile kitiyo chembamba kinachounganisha chupa na radiateri kimepasuka.

Kama maji yamepungua, shofaji ndiyo ya kwanza kulala njaa. Katika magari mengi radiateri yake ndogo iko juu kuliko sehemu nyingine, na maji yakishuka, pale inabaki hewa tupu.

Jazeni, lakini msiishie hapo. Maji hayapotei bila njia. Tafuteni inapovuja: kwenye viunganisho vya tiyo, chini ya pompi, kwenye pembe za radiateri, chini ya gari baada ya kulala usiku. Angalieni pia zulia la kabini upande wa abiria. Kama limeloa, na kuna harufu tamutamu, na kioo kinapata ukungu wenye mafuta, basi radiateri ndogo ya shofaji yenyewe ndiyo imetoboka.

Hatua ya pili: moteri inapata moto?

Washeni moteri, tembezeni gari kwa robo saa, angalieni sindano ya joto. Katika gari zima, inapanda mpaka karibu na katikati na kukaa pale. Kama inabaki chini kabisa, ao inapanda mlimani na kushuka kila mteremko, basi mara nyingi termosta imebaki wazi, ao haipo.

Tunasema "haipo" kwa sababu mara nyingi gari likizidi joto, mtu anaitoa termosta na kuitupa. "Huku ni Afrika, haifai." Hapana. Moteri inayotembea baridi inakula mazutu zaidi, inatoa moshi, na vyuma vyake vinachakaa upesi. Na kama gari lilikuwa linazidi joto, kuondoa termosta kunaficha tu ugonjwa: radiateri iliyoziba inabaki imeziba. Termosta mpya ni kipande kidogo. Kulinganisha na moteri nzima, bei yake ni kama kuku mmoja mbele ya ng'ombe.

Ya zamani mnaweza kuijaribu bila mashine yoyote. Itieni ndani ya sufuria yenye maji, ifungwe kwa kamba isiguse chini, wekeni juu ya moto. Kabla ya maji kuchemka, mlango wake unatakiwa ufunguke. Mkiitoa na ikipoa, ufunge wenyewe. Kama haifunguki, ao haifungi, haifai tena. Hiyo sufuria msiirudishe jikoni kupikia.

Jambo moja la kutotia hofu: moteri ya mazutu inapoa yenyewe kwenye mteremko mrefu, mguu ukiwa nje ya gesi. Shofaji ikipoa kidogo mnaposhuka kutoka Fizi kuja ziwani, na kurudi ya moto kwenye tambarare, hiyo si ugonjwa.

Hatua ya tatu: shika tiyo mbili

Hiki ndicho kipimo kizuri kuliko vyote, na hakina gharama. Moteri ikiwa imepata moto wa kawaida, wekeni kitufe cha shofaji mpaka mwisho kwa upande wa moto. Zimeni moteri ili feni na mkanda visikate vidole. Gusheni haraka, kwa mgongo wa mkono, zile tiyo mbili za mpira zinapoingia katika ukuta wa kabini. Jibu litakuwa moja kati ya matatu.

Zote mbili ni za moto. Maji yanafika na kurudi vizuri. Ugonjwa uko upande wa hewa: kile kibao cha ndani hakigeuki, waya wake umetoka, ao feni haipulizi kwa nguvu. Kuna magari ambayo panya wamejenga ndani ya sanduku la hewa, hasa kamio lililolala juu ya mifuko ya mahindi. Hapo kazi ni ya bisibisi na mikono, moteri haina kosa.

Moja ni ya moto, nyingine ni ya baridi. Maji yanafika mlangoni lakini hayapiti. Ao rubineti imefungwa ama imeshika kutu, ao radiateri ndogo imeziba. Anzeni na rubineti: mtu mmoja avute kitufe ndani, mwingine aangalie kama mkono wa rubineti unatembea. Mara nyingi ni waya tu uliochomoka.

Zote mbili ni za baridi. Kama sindano inaonyesha moteri ina moto na tiyo zote ni baridi, maji hayafiki kabisa. Rudini kwa hatua ya kwanza: maji machache, ao hewa iliyonaswa ndani, ao pompi haisukumi. Angalieni kama kurua imelegea. Angalieni pia tundu dogo chini ya pompi: likidondosha maji, pompi inaomba kubadilishwa.

Kutoa hewa iliyonaswa

Baada ya kubadilisha tiyo, radiateri ao maji yote, hewa inabaki ndani kama pumzi ndani ya chupa iliyozamishwa kwa haraka. Itoeni hivi.

Simamisheni gari pua ikiangalia juu, kwenye kimwinuko. Moteri iwe baridi. Wekeni shofaji mpaka mwisho wa moto ili rubineti ifunguke. Fungueni mfuniko wa radiateri, jazeni polepole. Washeni moteri iende taratibu bila kukanyaga gesi. Mtaona mapovu yanapanda. Maji yakishuka, ongezeni. Termosta ikifunguka, maji yatashuka kwa mara moja, ongezeni tena. Mapovu yakikwisha na shofaji ikianza kutoa moto, fungeni mfuniko. Msikae na mfuniko wazi mpaka maji yachemke. Magari mengine yana bulu ndogo maalumu ya kutolea hewa, na kwa hayo mekanisie aifuate hiyo.

Na kama mapovu hayakwishi? Kama dakika zinapita na radiateri inaendelea kutoa mapovu kama sufuria ya ugali? Hapo zimeni. Kuna uwezekano mkubwa jointi ya kulasi imeungua, na moshi wa moteri unaingia ndani ya maji. Dalili nyingine: moshi mweupe usiokwisha nyuma ya gari, tiyo ya juu kuwa ngumu mara tu moteri inapowaka, mafuta ya moteri kufanana na kahawa ya maziwa kwenye kijiti cha kupimia. Gari la namna hiyo lisibebe mzigo. Kila kilometa linayotembea inaongeza bei ya matengenezo.

Kusafisha shofaji iliyoziba

Moteri ikiwa baridi, tegeni beseni chini, ondoeni zile tiyo mbili. Tieni maji safi kwa tiyo ya kurudi, yatoke kwa ile ya kuingia, maana yake kinyume cha njia yake ya kila siku. Maji ya bidoni lililowekwa juu ya paa yanatosha kwa nguvu yake mwenyewe. Msitumie hewa ya kompresa ya kujaza matairi, kwa kuwa radiateri ndogo ni nyembamba na inapasuka. Endeleeni mpaka maji yatoke masafi.

Kinachoziba mara nyingi ni kutu, matope, na zile dawa za njiani. Radiateri ikivuja, kuna wanaotia unga, yai ao majani ya chai ili kuziba tundu. Ni kweli linaweza kuwafikisha nyumbani. Lakini ule unga unatafuta kila njia nyembamba, na njia nyembamba kuliko zote ni ya shofaji. Mkilazimika kufanya hivyo, siku mnapofika, maji yote yatolewe na moteri isafishwe.

Kama shofaji yenyewe imetoboka na kipande hakipatikani Baraka wala Uvira, kuna njia ya muda: ondoeni tiyo zote mbili kutoka kwa shofaji, ziunganisheni kwa kipande cha bomba la chuma na kolie mbili zilizokazwa. Maji yatazunguka bila kupita kabinini. Mtakosa hewa ya moto, lakini moteri iko salama na mzigo utafika. Kisha jazeni na kutoa hewa kama tulivyoeleza.

Mlimani: sindano inapopanda

Hapa kuna ujuzi ambao kila shofere wa ushirika anatakiwa kuujua kwa moyo.

Gari linapanda, limebeba, sindano inaanza kuelekea kwa nyekundu. Zimeni klima kama ipo. Fungueni shofaji mpaka mwisho wa moto, na feni kwa nguvu yote, vioo vya milango vikiwa wazi. Ndiyo, katika joto! Ile radiateri ndogo inasaidia kubwa kutoa moto nje. Mtatokwa jasho, lakini moteri inapumua. Shusheni vitese, punguzeni mwendo.

Sasa sikilizeni hewa inayotoka. Kama ni ya moto sana, maji bado yapo na yanazunguka. Tafuteni fasi salama, simameni, moteri iende taratibu kidogo mpaka sindano ishuke, ndipo mzime. Lakini kama sindano iko juu na hewa ni ya baridi, maji hayafiki. Yamevuja, ao pompi imekufa. Hapo hakuna kusema "tufike tu pale kijijini." Simameni na zimeni mara moja.

Na kuna jambo la hatari zaidi: kile kijiti kinachopima joto kinapima vizuri kikiwa ndani ya maji. Maji yakiisha yote, kinaweza kubaki hewani na sindano ikashuka, wakati moteri inaungua. Shofere anafurahi kwamba joto limepungua! Basi sindano iliyokuwa juu ikishuka ghafula pamoja na shofaji kuwa ya baridi, hiyo si habari njema.

Moteri ikishapoa kabisa ndipo muongeze maji, polepole. Maji ya baridi ndani ya chuma chenye moto mkali yanaweza kupasua kulasi.

Na kumbukeni mlima wenyewe. Maji yasiyobanwa na mfuniko yanachemka karibu digrii 97 kando ya ziwa, lakini karibu 93 kule Minembwe. Kwa hiyo gari lenye mfuniko mbovu linaweza kwenda vizuri Baraka na kuchemka mlimani. Kabla ya kulaumu radiateri, angalieni mpira wa mfuniko. Mara nyingi ni huo tu umechanika.

Maji gani tutie?

Kilicho bora ni likidi ya radiateri. Huku kwetu hatuiweki kwa sababu ya barafu, bali kwa sababu inazuia kutu na inachelewesha kuchemka. Someni bidoni: kama ni nzito ya kuchanganya, mara nyingi ni nusu kwa nusu na maji masafi, kama imeandikwa iko tayari, msiongeze maji. Msichanganye aina mbili kwa kuangalia rangi tu.

Kama hakuna likidi, tumieni maji ya mvua yaliyokingwa kwenye mabati, baada ya mvua kuosha paa kwanza, na kuchujwa kwa kitambaa. Maji ya mto wakati wa mvua yana matope. Maji ya ziwa yanaonekana masafi, lakini yana madini ambayo yanaacha ukoko ndani ya moteri, kama ule mnaouona ndani ya birika. Kwa dharura, maji yoyote ni bora kuliko moteri kavu. Lakini dharura isigeuke desturi.

Angalisho kwa familia. Likidi ya radiateri ni sumu, na ladha yake ni tamu. Mtoto, mbwa, mbuzi, kuku, wote wanaweza kuinywa. Kiasi kidogo kinaharibu figo na kuua. Msiiweke ndani ya chupa ya maji ao ya soda. Bidoni lake lisirudi kamwe kutiwa mawese ao maji ya kunywa: litobolewe. Likidi ya zamani isimwagwe mtoni, kisimani wala shambani. Mtu akinywa, apelekwe hospitali mara moja, hata kama bado anajisikia mzima.

Somo hilohilo kwa mashini ya kusaga

Ushirika ambao hauna kamio mara nyingi una mashini ya kusaga muhogo na mahindi. Sheria ni ileile. Moteri ndogo za silinda moja zinazolala, zenye tangi la maji juu, zinapooza kwa maji kuchemka na kutoka kama mvuke. Kwa hiyo kuona mvuke ni kawaida. Lakini maji yanapungua kila saa ya kazi, na kile kiboya chekundu juu ya tangi kinashuka kuwaambia. Wekeni bidoni la maji masafi pembeni na muongeze kidogokidogo kabla kiboya hakijafika chini. Kama tangi limekauka kabisa, zimeni, mngoje ipoe, ndipo mtie maji. Moteri iliyounguzwa wakati wa mavuno inawarudisha mama zetu kwenye kinu na mchi.

Kazi ya komite

Ufundi peke yake hautoshi. Gari la wote mara nyingi ni gari la mtu yeyote, na maji ya radiateri yanakuwa kazi ya "yule mwingine". Tunashauri komite iamue mambo haya:

1. Daftari moja likae ndani ya gari. Kila asubuhi shofere aandike: maji, mafuta ya moteri, na kiasi alichoongeza. Gari linaloongezwa maji kila siku linavuja, na daftari litalionyesha kabla ya mlima.

2. Bidoni la lita 20 la maji masafi, tiyo moja ya akiba, kolie nne na kurua moja visitoke ndani ya gari.

3. Sehemu ya pesa ya kila safari iwekwe kando kwa matengenezo, hata ikiwa ndogo. Kununua termosta kwa pesa iliyopo ni rahisi kuliko kukusanya pesa ya moteri kwa wanamemba waliokasirika.

4. Shofere akisimama kwa sababu sindano imepanda, asikatwe posho. Mkimwadhibu kwa kuchelewa, siku nyingine hatasimama, na ushirika utalipa kulasi.

Hili la nne tunaliweka mbele ya mengine. Magari mengi hayafi kwa kukosa ujuzi. Yanafa kwa sababu shofere aliona, akajua, akaogopa kusema.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Katika ushirika wetu, nani anaangalia maji ya gari ao ya mashini kila asubuhi? Jina lake linajulikana na wote?

2. Gari letu lina termosta? Kama iliondolewa, ni nani aliyeamua, na ugonjwa wa kwanza ulitibiwa?

3. Shofaji inapuliza baridi na sindano iko juu. Shofere afanye nini? Kila shofere ajibu mbele ya wengine.

4. Mabidoni ya likidi yanaishia wapi? Kuna hata moja linalobeba mawese leo?

Kwa kazi ya nyumbani: kesho asubuhi, kabla gari halijawashwa, wanamemba watatu wakutane pale, wafungue mfuniko pamoja na kuangalia maji. Kisha gari litembee robo saa, wafungue shofaji, washike tiyo mbili. Ni kazi ya nusu saa tu. Waandike walichokuta katika daftari, na komite iwe na jambo la hakika la kuzungumzia.

Tunawatakia safari njema na mavuno yanayofika sokoni.